Nilipouliza "Umefunga?"

Kosa langu kubwa la mwanzo jeshini lilikuwa la neno moja. Nilimuuliza majeruhi kwa redio, "Umefunga?" Akajibu, "Nimefunga, dokta." Mimi nilikuwa nauliza habari za mkanda wa kuzuia damu. Yeye alijibu habari za saumu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, masikio yangu yote mawili yalikuwa mazima, na bado sikusikia.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Nikiachiwa nianze mahali pengine, nitaanza na jinsi begi langu la dawa lilivyokuwa limepangwa vizuri.

Nimestaafu mwaka huu nikiwa bado kijana. Hapa Ruangwa watu wakisikia neno mstaafu wanatafuta mvi kichwani mwangu, na wakizikosa wanadhani nimefukuzwa. Ukweli ni kwamba sikio langu la kushoto liliharibika kwenye uwanja wa shabaha, na tabibu asiyeweza kusikia vizuri pumzi za mgonjwa hana kazi porini. Nilikuwa tabibu wa kikosi, yaani yule askari anayetembea na wenzake akiwa na bunduki begani na begi la dawa mgongoni. Daktari sikuwa. Dokta nilikuwa, kwa sababu askari humwita dokta kila mwenye mkasi na bandeji.

Naandika kwa ajili ya vijana wanaonijia kuuliza kama kazi hii inafaa, na hasa kwa ajili ya mmoja wao, Zuhura. Amemaliza mafunzo ya uuguzi, anajitolea kwenye zahanati moja upande wa Nanganga, na nafasi za jeshi zilipotangazwa alizitaka. Mama yake hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Alikwisha kulitolea jeshi mtoto mmoja, Bakari, na jeshi likamrudishia Bakari mwenye mguu mmoja. Basi Zuhura alikuja kwangu na fomu yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia, "Kaka, wewe sema tu. Ukisema niende, nakwenda. Ukisema nisiende, naichana hapa hapa."

Hakujua kwamba aliyejibu kwenye ile redio alikuwa kaka yake. Nilimwomba anipe siku chache. Hizi kurasa ndizo nilizoanza kuandika katika siku hizo.

Nilikulia Mkotokuyana, kwenye mikorosho ya baba. Kidato cha nne sikufanya vizuri. Utabibu niliuanza peke yangu, kwa kitabu cha uuguzi nilichokinunua sokoni Nachingwea, kilichokuwa hakina jalada wala sura ya uzazi. Nilikikariri kwa mpangilio wake, ukurasa baada ya ukurasa. Nilijifunza kufunga bandeji kwenye matawi ya mikorosho, mpaka baba akaniuliza kama miti yake inaumwa. Mzunguko mmoja ukikaa upande nilifungua yote na kuanza upya. Nilikuwa na hofu moja tu maishani, ya kuonekana sijui, na niliamini kwamba mtu akifanya kila kitu kwa usafi na kwa mpangilio, hofu hiyo haitampata.

Niliingia jeshini kama kuruta wa kawaida. Siku moja mwenzetu alizidiwa na jua katikati ya gwaride akaanguka. Nilisimama pembeni nikaeleza kwa sauti hatua zote za kumhudumia, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Wakati naeleza, kuruta mwingine alimburuta kivulini akammwagia maji. Wakufunzi walichukua jina langu wakanipeleka upande wa tiba. Yule wa maji alipelekwa jikoni. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Aliyenifundisha kazi ni Sajini Milembe. Alikuwa mama wa makamo kutoka kwa wafugaji wa kanda ya ziwa, na ndugu zake wengine walikuwa wamehamia na ng'ombe wao huku kwetu, kwa hiyo mwisho wa mwezi alikuwa akiletewa maziwa kambini na kutulazimisha tunywe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Siku ya kwanza niliripoti kwake nikiwa nimepiga pasi mpaka kamba za begi, nikitarajia kuonyeshwa majeraha ya risasi. Alinipa beseni, sabuni na kigoda. Nje kulikuwa na msururu wa askari wamevua viatu.

"Vita yako hiyo, mwanangu," alisema. "Miguu."

Hakunitania. Kwa miaka yote niliyotumikia, sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa miguu: malengelenge, fangasi, funza, kucha zilizoingia nyamani. Askari asiyeweza kutembea ni mzigo wa askari wengine wawili. Anayedhani tabibu wa kikosi anashinda akikimbia katikati ya milio, ajue kwamba anashinda ameinama kwenye beseni, na harufu yake haielezeki kwa Kiswahili wala kwa Kimwera.

Mimi miguu niliifanyia kazi kama niliyokabidhiwa na mfalme. Kila lengelenge nililifunika kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, iliyokatwa sawasawa pande zote. Msururu ukafika hadi jikoni. Mmoja akapaza sauti kwamba dokta mpya anawaandaa wote kuwa mabibi harusi, na wengine wakaanza kupiga vigelegele. Huyo alikuwa Bakari, wa Ruangwa, tuliyeingia naye jeshini pamoja. Alikuwa wa kwanza kunitania na wa kwanza kunigawia sabuni yake, yangu ilipoibiwa. Tulilala vitanda jirani. Aliniita "dokta" kwa kejeli mwanzoni, kisha kejeli ikaisha na jina likabaki.

Sajini Milembe alikuwa ameshakiona kile kitabu changu. Alikifungua, akasoma kidogo, akanirudishia kwa heshima. "Kitabu chako kizuri," alisema. "Shida yake ni moja. Mgonjwa hajakisoma."

Nilicheka kwa adabu. Nilidhani ni utani.

Sasa niueleze mkanda, maana bila mkanda hakuna hadithi. Ni mkanda wa kitambaa kigumu wenye kijiti. Unaupitisha juu ya jeraha la mkono au mguu, unavuta, kisha unazungusha kijiti hadi damu isimame. Unauma kuliko jeraha lenyewe. Kila askari alikuwa na wake, ndani ya plastiki. Sisi tulisema "kufunga mkanda", na katika kusema ovyo ikabaki "kufunga" tu. Askari waliuogopa. Kulikuwa na maneno kambini kwamba ukifungwa mkanda, mguu huo umeshakwenda. Nilitakiwa kuwaondolea hofu hiyo, na nilipewa somo zima la kufanya hivyo. Nilifundisha aina za mikanda na majina ya sehemu zake. Nilifundisha vizuri sana. Hofu yao waliondoka nayo kama walivyokuja nayo.

Ramadhani ile tulikuwa kwenye zoezi porini, mbele ya Naipingo. Aliye safarini ana ruhusa ya kula, na Sajini alikumbusha hivyo kila asubuhi, lakini vijana wengi wa kusini katika kombania yetu walifunga, na aliyekula alikula kwa kujificha kidogo. Mchana mmoja Bakari na dereva walitangulia kufyeka njia. Panga la Bakari liligonga gogo gumu, likateleza, likamwingia nyuma ya mguu, chini ya goti. Dereva alimwachia redio akakimbia kurudi lilikoachwa gari. Bakari akabaki peke yake, amekaa chini, amezungushia jeraha fulana yake.

Mimi nilikuwa chini ya turubai la huduma ya kwanza. Alipoita, kombania nzima ilikuwa inasikia, maana redio zote zilikuwa kwenye mawimbi yale yale. Ile hofu yangu ya kuonekana sijui iliamka, na hofu hiyo ikiamka mimi hukimbilia kitabu. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilimuuliza jina kamili.

"Dokta, umenisahau?" alisema, na nadhani alikuwa anacheka.

Nikarudia swali. Akajibu. Nikamuuliza ameumia wapi, akasema mguuni, amejikata. Nikamuuliza anadhurika na dawa gani. Nikamuuliza amekula lini mara ya mwisho, akasema usiku, daku. Amekunywa maji? Hapana. Kichwani mwangu nikafungua ukurasa mwingine, ule wa damu. Yeye alikuwa bado kwenye ule wa chakula.

"Umefunga?"

"Nimefunga, dokta."

"Safi," nikasema.

Neno hilo "safi" nimeshindwa kulitumia tena hata kwa nguo.

Kisha nikaanza kupanga vifaa. Nilitandika shuka, nikaweka mikasi kulia, gozi kushoto, nikaona bandeji hazijalingana, nikazipanga tena. Nilikuwa mtulivu kwa mara ya kwanza siku ile. Majeruhi alikuwa amefunga mkanda, gari lilikuwa njiani, na kila kitu kilikuwa mahali pake.

Gari lilipofika turubaini, Sajini Milembe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulifikia kwa nyuma. Njia ilikuwa mbaya na gari lilimrusha Bakari, ile fulana ikaachia. Sakafu ya gari ilikuwa imelowa. Sajini alipanda, akamwekea goti kwenye kinena kwa uzito wake wote, akauliza bila kunitazama, "Mkanda uko wapi?"

"Alisema amefunga," nikasema.

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati la Bakari, akafungua kifungo, akatoa mkanda. Ulikuwa ndani ya plastiki. Aliichana kwa meno, akapitisha, akavuta, akazungusha kijiti. Bakari, ambaye midomo yake ilikuwa imekuwa kama majivu, alipiga kelele, na Sajini akasema hiyo ni sauti nzuri. Damu iliposimama ndipo aliponitazama.

"Kafunga Ramadhani huyu," alisema. "Wewe uliuliza nini?"

Njia nzima hadi hospitali aliniamuru nishike kile kijiti, ingawa kilikuwa na mahali pake pa kukizuia. Nilielewa baadaye kwamba alitaka mikono yangu iwe na kazi. Bakari aliongezewa damu, na chupa moja ya damu hiyo niliitoa mimi. Aliishi. Lakini mguu ulizidi kuwa baridi, na mwishowe waliukata chini ya goti. Nilimuuliza daktari kama mkanda ungefungwa mapema ingekuwaje. Alisema mshipa mkubwa ulikuwa umekatika, pengine mguu ungekwenda vile vile, pengine usingekwenda, na kwamba hakuna mtu atakayejua. Mtu kama mimi hawezi kupewa jibu baya kuliko hilo.

Katika maelezo yangu rasmi niliandika kwamba mawasiliano hayakueleweka. Tazameni sentensi hiyo. Haina mtu ndani yake. Hakuna aliyeniadhibu. Nilipomsindikiza Bakari kwao Ruangwa, mama yake, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwera na hutafuta maneno taratibu, alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumrudisha mwanawe hai. Alinipa korosho alizobangua mwenyewe, mfuko mzima. Nilizipokea. Nilizila.

Niliomba kuondolewa upande wa tiba. Sajini alisoma ombi langu, akalikunja, akalitumia kuzuia mguu wa meza uliokuwa unacheza. Aliniambia kwamba nikiondoka, nafasi yangu atachukua mwingine ambaye hajawahi kukosea, na yeye wa aina hiyo ameshachoka kuwafundisha. Tangu wiki ile mikanda ilitoka mifukoni, ikafungwa kwa mpira kwenye bega la sare, pale ambapo mkono wowote unafika. Neno "umefunga" likapigwa marufuku redioni mwaka mzima, si Ramadhani tu. Na kila walipokuja wageni upande wa tiba, alinisimamisha mbele yao niseme nilivyouliza na nilivyojibiwa. Mwanzoni nilisema huku natazama viatu. Baadaye nikaweza kuwatazama.

Kazi iliendelea. Nilitibu malaria nyingi kuliko kitu kingine chochote, na miguu, na tena miguu. Nilikaa na askari aliyepokea simu ya msiba wa mtoto wake tukiwa mbali na barabara, na begi langu halikuwa na kitu cha kumpa. Siku moja wakulima walimleta langoni kwetu mfugaji aliyechomwa pembe na dume lake pajani. Walikuwa wamembeba kwa kitanda cha kamba, na njiani walikuwa bado wanamgombeza kwa ng'ombe wake walioingia kwenye ufuta. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Damu imesimama?" Mmoja akajibu haijasimama, yule anayemgombeza zaidi, na nikaona ndiye aliyekuwa ameikandamiza kwa kanga ya mkewe muda wote. Jina la mgonjwa nililiuliza baada ya kufunga. Alikuwa ameshasinzia, ikabidi wakulima wanitajie. Walilijua lote, pamoja na la baba yake.

Sajini Milembe alistaafu kabla yangu, kwa umri wake halali, akaenda kwenye ng'ombe. Sikio langu likaharibika. Nikarudi huku kwetu kusini, nikakaa Ruangwa, na Zuhura akaja na fomu.

Zile siku chache zilipokwisha nilikwenda kwao. Bakari ni fundi viatu sasa, kibanda chake kipo mbele ya nyumba, na huwaambia wateja kwamba yeye hutengeneza jozi lakini hununua nusu. Nilimkuta anashona soli. Zuhura alikuwa amekaa kwenye benchi. Nilimwambia Bakari nataka kumweleza dada yake habari za mguu, zote, na kama hataki aseme sasa.

Aliacha kushona. "Eleza," akasema.

Nikaeleza kama nilivyoandika hapa. Nilieleza maswali kwa mpangilio wake, na lile "safi". Nilieleza sentensi yangu ya maelezo rasmi na zile korosho. Zuhura hakunikatiza. Nilipomaliza nilimwambia kwamba sasa anaweza kuchana fomu, na anaweza kumwambia mama yake sababu.

Ndipo Bakari akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake, si siku za hospitali wala miaka yote ya kutembeleana baadaye.

"Mimi sikuwa nimefunga," alisema.

Sikuelewa. Akarudia. Asubuhi ile alikuwa amekunywa uji na dereva nyuma ya gari, maana kazi ya kufyeka ilikuwa nzito. Nilipomuuliza habari za kula, alijua kombania nzima inasikiliza, na nusu yao ni vijana wa msikiti mmoja na yeye, wanaomjua mama yake. Akasema daku. Nilipomuuliza "Umefunga?", akaendeleza uongo wake.

"Hata kama ungeuliza vipi, dokta, nilikuwa nasikiliza swali moja tu," alisema. "Damu naiona inatoka. Nawaza, wakijua nimekula itakuwaje. Mpaka leo nahesabu kwamba Mungu alinikata pale pale."

Nilimwambia aliyemkata ni panga. Alisema anajua, lakini kujua hakumsaidii sana. Nilitaka kusema kwamba hilo halipunguzi kosa langu, kwamba ningeuliza habari za damu kwanza asingehitaji kusema uongo wowote, nikagundua kwamba hata hapo nilikuwa nagombea kuwa mkosaji bora.

Zuhura ndiye aliyezungumza. Alimtazama kaka yake, si mimi.

"Na mkanda ulikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko upi?"

"Wa shati. Wa kushoto."

"Una kifungo?"

"Una kifungo."

"Na mikono imelowa damu," Zuhura alisema. "Usingeufikia hata ungetaka. Ulitakiwa uwe nje, begani hapa." Alijigusa bega; kwamba mikanda ilihamia hapo sikuwa nimemwambia.

Bakari alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Dokta, huyu haulizi tena kama aende."

Sikumwambia aende. Nilimwambia yale ninayoyajua: kwamba ataosha miguu ya watu wazima hadi achoke, kwamba atasubiri sana, kwamba siku moja atakuwa na redio mkononi na hofu tumboni, na mtu upande wa pili atakuwa na hofu yake nyingine ambayo yeye haijui. Nilimwambia kwamba mtu anayependa kila kitu kikae sawa, kama mimi, atateseka kwenye kazi hii, na anaweza kuwatesa wengine. Fomu haikuchanwa. Aliijazia pale pale, juu ya benchi la viatu, akaazima kalamu yangu.

Mama yao aliporudi shambani Bakari alimweleza mwenyewe, upande wake na upande wangu, kwa Kimwera. Nilisikia jina langu katikati. Nilijiandaa kusimama niondoke. Mama alimfuta Bakari vumbi la soli begani, kisha akanigeukia akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akaingia ndani kupika. Hakuzungumzia jambo hilo siku ile wala baadaye, lakini wiki iliyofuata Zuhura aliniambia kwamba mama amemnunulia sanduku la bati na kufuli.

Katika kikosi nilichotoka, swali la kwanza redioni siku hizi ni "Damu imesimama?" Mkanda unakaa begani, nje ya mfuko. Habari za kula zinaulizwa mwisho, ana kwa ana, wengine wakiwa hawasikii. Zuhura yuko depo, kwenye mafunzo ya kuruta. Na mimi nikiulizwa mguu wa Bakari ulikwendaje, najibu.